Mafundi Wasio na Karakana

Mwaka 1721 mabwana wenye karakana za kushona nguo London walipeleka malalamiko Bungeni. Mafundi wao wa kuajiriwa, walisema, zaidi ya watu 7,000, wamekula njama: wanataka ujira upande, na wanataka kutoka kazini saa moja mapema kuliko ilivyozoeleka. Kibaya zaidi, wana vilabu vyao vya pombe wanakokutana. Fundi asiye na kazi huandikisha jina lake huko, na bwana anayetafuta mtu wa kumshonea hana budi kutuma kilabuni. Bunge likawasikiliza mabwana. Ikatungwa sheria ya kuuvunja umoja wa washonaji wa London, ikapanga saa za kazi, ikaweka na kiwango ambacho ujira wao usikivuke.

Nimeanza na washonaji hawa kwa sababu kisa chao hakina kiwanda ndani yake. Shuleni tulimezeshwa kwamba chama cha wafanyakazi kilizaliwa na mashine: mvuke ukaja, bepari akajenga kiwanda, watu wakajazana humo, mwishowe wakaungana. Mwaka 1721 James Watt, aliyeiboresha injini ya mvuke, alikuwa hajazaliwa. Zana za washonaji wale zilikuwa sindano, mkasi na pasi nzito, zile zile walizotumia mababu zao. Basi ni nini kilichowaunganisha kiasi cha kuwatia mabwana hofu?

Wanahistoria wamelivutana hili tangu karne ya 19. Mwaka 1870 Mjerumani Lujo Brentano alidai kwamba chama cha wafanyakazi ni mrithi wa gildi, yaani vile vyama vya mafundi wa miji ya Ulaya ya Enzi za Kati. Mwaka 1894 mke na mume wa Kiingereza, Beatrice na Sidney Webb, wakamkatalia katakata: gildi ilikuwa ya wenye karakana, na chama cha mabwana hakiwezi kukizaa chama cha wale wanaowatumikia. Kwa ushahidi wa nyaraka, akina Webb walishinda. Hata hivyo naona Brentano alikuwa amenusa kitu. Urithi ulikuwepo, ila haukupitia kwa mabwana. Ulipitia kwa mtu wa katikati, fundi aliyehitimu kazi yake na kuijua barabara, lakini akakosa karakana ya kuiita yake.

Tuitazame gildi yenyewe. Wafumaji wa London walipata hati ya Mfalme Henry II mwaka 1155. Paris, mnamo mwaka 1268, msimamizi wa mji Étienne Boileau aliamuru kanuni za kila kazi ziandikwe, na zikaandikwa za kazi 101, wakiwemo wanawake wasokota hariri ambao walikuwa na chama chao wenyewe. Kanuni hizo zinaingia mpaka jikoni. Zipo zinazotaja ni wanagenzi wangapi bwana mmoja aruhusiwe kuwa nao, na zipo zinazokataza kazi ya usiku kwa hoja kwamba mwanga wa mshumaa huficha makosa. (Hoja hiyo ilimlinda mnunuzi, lakini ilimpumzisha na fundi. Napenda sheria za namna hii, zinazosema jambo moja na kutenda mawili.)

Kwa Mtanzania, nusu ya gildi haihitaji maelezo: ilikuwa chama cha kufa na kuzikana. Kila mwanachama alitia chochote kwenye sanduku. Mwenzao akifa, walinunua mishumaa, wakamsindikiza kanisani, mjane akashikwa mkono. Nusu ya pili ilikuwa soko. Asiye mwanachama hakuruhusiwa kufungua duka mjini. Wakaguzi wa gildi walipita karakana kwa karakana, na kitambaa kibovu kiliweza kuchomwa moto hadharani. Mnunuzi alilindwa dhidi ya fundi mbovu, na fundi akalindwa dhidi ya mshindani.

Ndani ya gildi kulikuwa na ngazi tatu. Mwanagenzi aliingia akiwa kijana, akaishi nyumbani kwa bwana fundi, akala kwake na kuchapwa kwake. Uingereza muda wa kawaida ulikuwa miaka saba. Akihitimu alikuwa fundi wa ujira, huru kufanya kazi popote kwa malipo ya siku. Akiweka akiba, akatengeneza kazi ya kuwathibitishia wakubwa ustadi wake, alipanda kuwa bwana fundi mwenye karakana na sauti ndani ya gildi. Ngazi hizi zilipokuwa zinapandika, hakukuwa na sababu kubwa ya fundi wa ujira kugombana na bwana. Bwana alikuwa yeye mwenyewe baada ya miaka kumi.

Tatizo ni kwamba ngazi ya juu ilianza kuzibwa. Ada za kuingia ubwana zilipanda. Kazi ya mtihani ikawa ya gharama, yenye vifaa ambavyo kijana hangeweza kuvinunua, na juu yake karamu ya kuwalisha wakubwa. Mtoto wa bwana alipunguziwa masharti. Aliyemwoa mjane wa bwana naye alipitishwa kirahisi. Waliobaki walizeeka wakiwa mafundi wa ujira, wana wake na watoto, wanajua kazi sawasawa na wenye karakana, na hawana matumaini ya kuwa nayo. Hapa ndipo mimi ningepachika jiwe la msingi la chama cha wafanyakazi, mapema sana kabla ya bomba la kwanza la moshi.

Hata kabla ya hapo serikali zilikuwa zimeonyesha ziko upande gani. Tauni kuu ilipoingia Uingereza mwaka 1348 na kuua sehemu kubwa ya watu, waliobaki hai wakajua mikono yao imepanda bei. Mwaka uliofuata mfalme akaamuru ujira ubaki pale ulipokuwa kabla ya tauni, na mwaka 1351 Bunge likaifanya kuwa sheria: mtu mzima asiye na kazi asikatae kazi, na asidai zaidi ya desturi. Adhabu ilikuwa kifungo. Shikilia sheria hiyo, maana itasafiri mbali.

Florence, Italia, mwaka 1378, wafanyakazi wakafika mbali zaidi. Mji ule ulikuwa na gildi 21, na gildi ya sufu ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu. Wachambuaji na wachanaji wa sufu, walioitwa Ciompi, walikuwa chini ya mamlaka ya gildi hiyo bila kuwa wanachama. Ilikuwa na haki ya kuwaadhibu, wao walikatazwa hata kuungana. Majira ya kiangazi wakaiteka ikulu ya mji, wakamweka madarakani mchanaji sufu aitwaye Michele di Lando, na wakadai gildi zao. Zikaundwa tatu mpya. Wiki chache baadaye ile ya Ciompi ikavunjwa, kwa msaada wa Michele di Lando huyo huyo, na kufikia 1382 mbili zilizobaki nazo zikafutwa. Kinachonivutia ni dai lenyewe. Hawakutaka kuvunja gildi. Walitaka kuwa nayo.

Mafundi wa ujira wa miji mingine hawakuhitaji mapinduzi kujifunza kujitenga. Kwenye nchi za Wajerumani waliunda undugu wao, wenye sanduku lao na nyumba ya kulala wageni kwa fundi anayesafiri kutafuta kazi. Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha waokaji mikate wa Colmar, huko Alsace. Mwaka 1495 mafundi wa ujira waliona wamenyang'anywa nafasi yao ya heshima kwenye maandamano ya sikukuu ya Ekaristi. Wakaondoka mjini, na wakahakikisha wenzao wa miji mingine hawaji kuchukua kazi zao. Mgomo ule ulidumu miaka kumi. Ukimweleza mchumi wa leo kwamba watu waligoma miaka kumi kwa sababu ya nafasi ya kusimama barabarani, atacheka. Lakini aliyewahi kufanya kazi chini ya nyapara anajua kwamba fedha mara nyingi huwa ni dai la pili.

Ufaransa undugu huo uliitwa compagnonnage. Kijana alizunguka nchi mji hadi mji akijifunza, na kila mji ulikuwa na nyumba iliyosimamiwa na mwanamke aliyeitwa Mama, ambaye alimlaza, akamlisha, akamtunza akiugua. Bwana aliyewadhulumu alitengwa: hakuna ndugu atakayefanya kazi kwake, na habari hiyo ilitangulia mbele kwa miguu ya wasafiri. Tusiwapambe sana. Makundi ya undugu yaligawanyika kwa siri na viapo, yakapigana barabarani mpaka kuuana. Ila zana zote zilikuwepo tayari: sanduku la michango, nyumba ya kukutania, kiapo, kutenga, kugoma. Washonaji wa London wa 1721 walirithi zana hizo.

Kisha zikaja siku za uhuru. Mwaka 1776 waziri Turgot alizifuta gildi za Ufaransa kwa amri, akaanguka, zikarudishwa mwaka huo huo. Mapinduzi yakazizika rasmi Machi 1791. Maseremala wa Paris wakafikiri uhuru huo ni wao pia, wakaungana kudai ujira. Jibu lilikuja tarehe 14 Juni 1791, sheria ya mbunge Le Chapelier: raia wa kazi moja wasiungane kutetea yale yanayoitwa maslahi yao ya pamoja, kwa kuwa gildi zimekufa na zisifufuliwe kwa mlango wa nyuma. Kwa jina la kumkomboa fundi dhidi ya gildi, akabaki peke yake mbele ya mwajiri. Wafaransa walisubiri hadi 1864 kuruhusiwa kugoma, na hadi 1884 kuruhusiwa kuwa na vyama.

Uingereza haikuchelewa. Sheria za 1799 na 1800 ziliharamisha miungano ya wafanyakazi wote, si washonaji tu, na hakimu aliweza kumfunga mtu miezi mitatu. Sheria ya 1800 iliwakataza waajiri nao kuungana, kwa faini ya pauni 20. Mwanauchumi Adam Smith alikuwa ameshaeleza mwaka 1776 kwamba mabwana wako katika muungano wa kimya siku zote, wa kutopandisha ujira, ila hausikiki kwa sababu ndiyo hali ya kawaida. Haikuwa rahisi kuwapeleka mahakamani watu wanaokubaliana mezani wakati wa chakula.

Wakati huo huo Bunge likaondoa kilichobaki cha ulinzi wa zamani. Sheria ya Malkia Elizabeth ya mwaka 1563 ilikuwa imelazimisha uanagenzi wa miaka saba na kuwapa mahakimu mamlaka ya kupanga ujira. Vifungu vya ujira vilifutwa mwaka 1813, vya uanagenzi 1814. Mambo mawili haya yanapaswa kusomwa pamoja: dola ilijitoa katika kumlinda fundi, na ikabaki kumkataza asijilinde mwenyewe.

Katikati ya hapo ndipo walipotokea Waludi, ambao jina lao leo limekuwa tusi la kumpa mtu anayeogopa kompyuta. Wanaonewa. Wafuma soksi wa Nottingham walioanza kuvunja mitambo mwaka 1811 walikuwa wameishi na mitambo hiyo kwa zaidi ya miaka mia mbili. Kazi yao ilikuwa na kampuni, yaani gildi, yenye hati ya kifalme tangu karne ya 17. Waliyemlenga ni mwajiri aliyejaza vijana wasiohitimu uanagenzi, na aliyekata soksi kutoka kitambaa kipana na kuziunga kwa mshono hafifu uliofumuka haraka, akaharibu jina la kazi nzima. Yaani walikuwa wanafanya ukaguzi wa gildi kwa nyundo, kwa kuwa hakukuwa na mkaguzi mwingine. Serikali ilijibu mwaka 1812 kwa kufanya uvunjaji wa mtambo kuwa kosa la kunyongwa. Mshairi Lord Byron, katika hotuba yake ya kwanza kwenye Baraza la Malodi, aliipinga. Ikapita.

Sheria dhidi ya miungano zilifutwa mwaka 1824, kwa juhudi za Francis Place, fundi wa kushona suruali aliyewahi kukosa kazi kwa sababu ya mgomo, na mbunge Joseph Hume. Migomo ikafumuka nchi nzima, Bunge likaingiwa na baridi, na mwaka 1825 likabana tena; lakini kuwa na chama kwenyewe hakukuwa kosa tena. Kwa hiyo mwaka 1833, wakulima vibarua wa kijiji cha Tolpuddle, Dorset, walipoanzisha chama chao, mwenye mashamba hakuwa na sheria ya moja kwa moja ya kuwashitaki. Ujira wao ulikuwa umeshuka kutoka shilingi 9 kwa wiki hadi 8, kisha 7, na walitishiwa 6. Kiongozi wao, George Loveless, alikuwa mhubiri wa Kimethodisti, si mtu wa vurugu.

Walichonaswa nacho ni kile hasa walichorithi. Mwanachama mpya aliingizwa akiwa amefungwa macho, kitambaa kikaondolewa, akajikuta mbele ya picha ya mifupa ya mtu inayomkumbusha kifo, akaapa kutotoa siri. Ilikuwa desturi ya undugu wa mafundi, imetokea karakana hadi shamba la ngano. Mwendesha mashitaka akafukua sheria ya 1797 ya viapo haramu, iliyotungwa baada ya maasi ya mabaharia. Wanaume sita wakahukumiwa miaka saba ya kupelekwa Australia. Umma ulipiga kelele hadi wakasamehewa mwaka 1836.

Baada ya Tolpuddle vyama vikaanza kuacha mafumbo na kushika daftari. Chama cha mafundi mitambo cha 1851 kilikuwa na katibu wa kulipwa, mchango wa shilingi moja kwa wiki, na malipo kwa mgonjwa, asiye na kazi, mzee na marehemu. Ni sanduku lile lile la mishumaa, sasa lina akaunti benki. Kilirithi na tabia nyingine: kilipigania idadi ya wanagenzi isizidi, na asiyehitimu asiguse mashine ya fundi. Wanawake hawakukubaliwa mpaka mwaka 1943, vita vilipokuwa vimeshawajaza viwandani. Hapo Brentano anastahili pointi zake. Fundi wa ujira alipopata chama chenye nguvu, jambo la kwanza alilofanya ni kufunga mlango nyuma yake.

Mlango huo haukuvunjwa na mafundi. Julai 1888 wanawake na wasichana wapatao 1,400 wa kiwanda cha viberiti cha Bryant & May, mashariki mwa London, waliacha kazi; walikuwa wamechoka na faini za kila kitu na fosforasi iliyooza mataya yao. Walishinda. Mwaka uliofuata makuli wa bandari ya London wakafuata. Kila asubuhi watu walijazana getini, nyapara akachagua mikono anayoitaka, na aliyechaguliwa aliweza kuachishwa baada ya saa moja. Ben Tillett, John Burns na Tom Mann waliwaongoza kudai peni 6 kwa saa badala ya 5, na mtu asiitwe kazini kwa chini ya saa nne. Wenzao wa Australia walituma zaidi ya pauni 30,000. Baada ya wiki tano walipata peni yao. Hawa hawakuwa na uanagenzi wala kazi ya mtihani. Walikuwa na wingi wao na mahali pamoja pa kuusimamisha.

Mjomba wangu aliwahi kuwa kibarua Kilindini, bandari ya Mombasa, na nilipomsimulia geti la London alinikatiza akamalizia mwenyewe: msukumano, nyapara, waliozoeana naye kutangulizwa. Hakuwa mtabiri. Utaratibu ulikuwa wa dola moja, na ulibebwa pamoja na sheria yake.

Ile sheria ya 1351 haikufa. Kupitia ya 1563 na nyingine zilizofuata, mfanyakazi wa Kiingereza aliyevunja mkataba alifungwa jela, huku mwajiri aliyeuvunja akidaiwa fidia tu. Uingereza iliachana na jambo hilo mwaka 1875. Miaka 31 baadaye, mwaka 1906, Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya leo, ikapata Sheria ya Mabwana na Watumishi: mtumishi akitoroka au kuzembea, ni faini au jela. Tanganyika ikapata yake mwaka 1923. Kitu kilichokuwa aibu London kilikuwa mali nzuri ya kupeleka nje.

Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waligoma pamoja: makuli, watu wa reli, wa hoteli, hata maboi wa majumbani. Katikati ya mgomo likaundwa shirikisho lao la Waafrika, na Chege Kibachia akawa sauti yake kuu. Septemba mwaka huo makuli wa Dar es Salaam nao wakagoma, na mgomo ukapanda na reli kwenda bara. Kwa serikali ya kikoloni, chama kinachomkusanya kila mtu kilikuwa hatari. Ilitaka vyama vidogo, vya kazi moja moja, vilivyoandikishwa kwa msajili. Agosti 1947, mwezi mmoja kabla ya mgomo wa Dar, Kibachia alikuwa ameshakamatwa na kupelekwa Kabarnet, akazuiliwa huko miaka kumi.

Vyama vya kazi moja moja vikaandikishwa kweli, na haviwezi kubezwa. Mwaka 1955 makuli wa Mombasa waligoma tena, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Tom Mboya akawasemea, wakapata nyongeza ya theluthi ya ujira. Boi wa Tudor, mtaa wa Mombasa, aliyegoma nao mwaka 1947 hakuhusika na nyongeza hiyo, kwa kuwa hakuwa kuli.